Asilimia Nne

Radi ilipiga mnara wa kilimani Jumanne,
ukabaki umesimama, mweupe, bubu,
kama shahidi aliyefika mahakamani akasahau kesi.
Bonde letu lote likakatika.

Akaja Semkiwa, fundi wa mtandao,
buti zimeshiba tope jekundu la Amani,
akatukusanya tunapopakia machungwa.
Mnara ukifa, alisema, simu hazifi.
Zitapokezana zenyewe:
hii iinong'oneze ile, ile iiambie ya jirani,
mpaka barabarani, mpaka Muheza kwenye mnara mzima.
Bonyezeni Ruhusu.

Bi Mamkwe akauliza: nani atasoma ya nani?
"Hakuna. Barua imefungwa. Wewe ni mkono tu."
Na chaji, atalipa nani?
Semkiwa akajikuna shingo.

Nikabonyeza. Sikusoma. Nani husoma?
Nilikuwa na matenga arobaini na mawili ya kuhesabu.

Usiku wa kwanza simu ikapata joto chini ya mto,
joto la yai lililotoka kutagwa.
Thelathini na moja, ikawa ishirini na saba.
Mtu fulani, huko juu kwenye iliki na ukungu,
alipita kando ya sikio langu na maneno yake
bila hodi, bila nyayo.
Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi.
Wahenga hawakuwahi kulipa mia tano
kuchaji simu kwa sola ya Shekalaghe.

Usiku wa pili nikazima.
Alfajiri ningehitaji tochi, nilijiambia,
na tochi ni yangu, na giza ni langu.

Lakini Semkiwa alikuwa ametuchorea njia mezani
kwa punje za mahindi:
simu ya mwalimu Kihiyo, simu ya mpishi wa shule,
hii hapa, kisha ya mlinzi wa ghala la mbao.
Akaondoa punje moja kwa kidole,
akatutazama, asiseme kitu.
Nikageuka kitandani. Nikageuka tena.
Punje ile ilikuwa mimi.

Nikawasha. Saa nane na robo.
Kioo kikaandika: Moja inasubiri. Hakuna wa kupokea.
Moja.
Hakikusema ni posa au deni,
ni chupa ya damu inayotakiwa Teule
au ni mtoto anauliza tu, umelala?

Mvua ilikuwa inanyesha,
na majani yaliyolowa, fundi alisema,
hunywa mawimbi kama mchanga unavyokunywa maji.
Nikajifunga kanga, gunia la nailoni kichwani,
nikashika njia ya midalasini
mkono juu, simu juu,
kama mnadi wa kitu kisichoonekana.
Hatua mia: hakuna wa kupokea.
Kwenye daraja la magogo: hakuna.
Nikateleza, nikamtaja Semkiwa na mama yake.
Penye mfenesi wa mwisho ikatetemeka mara moja,
ikapata lile joto,
kumi na tisa, ikawa kumi na tano.
Imekwenda.

Mlinzi alikuwa amelala ndani ya koti,
mdomo wazi, mbwa miguuni.
Hakujua kwamba ameshapokea,
wala kwamba ameshapitisha.
Mbwa ndiye aliyenitazama.

Kulipokucha mnunuzi wa Kange alinipunja kama kawaida.
Tukagombana, tukapatana, matenga yakapanda lori.
Katikati ya ugomvi akashika mfuko wa shati,
akaitoa simu, akaipuliza kama kiazi cha moto.
"Hii nayo inaungua nini, sijaigusa tangu asubuhi?"
Akataka kuizima.

Nikamshika mkono.
Iache, kaka. Ina mgeni.